Dimenshia kwa Wazee Viziwi: Kipimo Hupima Akili au Hupima Lugha?

Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa mapema kwamba chombo cha kupimia chaweza kuwa kizima na bado kikatoa jibu la uongo, endapo kimetumiwa pasipostahili. Kipimajoto kilichoanikwa juani hakionyeshi joto la hewa. Huonyesha joto la kioo chake chenyewe. Kosa la namna hiyo haliishii katika maabara. Hutokea hospitalini pia, na huko madhara yake humwangukia binadamu. Mfano mmojawapo ni uchunguzi wa akili ya wazee viziwi wanaozungumza kwa lugha ya alama. Mzee anapoanza kusahau na kubadilika tabia, jamaa zake hutaka kujua kama ameingiwa na maradhi ya ubongo. Mganga huchukua kipimo chake cha kawaida, akauliza maswali, akajumlisha maksi. Lakini kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya watu wanaosikia. Je, maksi zinazopatikana huonyesha hali ya akili ya mzee, au huonyesha tu umbali uliopo kati ya lugha yake na lugha ya mganga?

MARADHI YENYEWE

Kusahau mahali funguo zilipowekwa si ugonjwa. Kusahau kazi ya funguo ni jambo jingine. Hali ambayo waganga huiita dimenshia ni udhoofu wa akili unaoongezeka mwaka hata mwaka kwa sababu seli za ubongo zinaharibika na kufa. Kumbukumbu hupungua, maneno hupotea, mgonjwa hushindwa na mambo aliyoyazoea, kama vile kupika au kuhesabu chenji, na hatimaye huhitaji msaada katika kila kitu. Huletwa na maradhi mbalimbali, miongoni mwao maradhi ya mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo. Lakini lililo kubwa kuliko yote ni maradhi ya Alzheimer, ambamo protini za aina mbili, moja nje ya seli za neva na nyingine ndani yake, hujikusanya na kuvuruga kazi ya seli hizo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimenshia, na wengi wao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Jina la maradhi hayo latokana na Alois Alzheimer, mganga wa Kijerumani. Mwaka 1901 alianza kumchunguza Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 aliyelazwa katika hospitali ya Frankfurt. Alimwonyesha vitu akamtaka avitaje majina, akamwuliza maswali, akamwagiza aandike jina lake. Mama huyo alipofariki mwaka 1906 ubongo wake ulitazamwa kwa hadubini, na mwaka huo huo Alzheimer aliyaeleza matokeo mbele ya mkutano wa waganga mjini Tübingen. Yafaa kuangalia jinsi alivyofanya uchunguzi wake: kwa maneno yaliyosemwa na kwa maneno yaliyoandikwa. Tangu mwanzo, basi, njia ya kuijua dimenshia imepita katika sikio na katika kalamu. Hata leo, ijapokuwa zipo picha za ubongo na vipimo vya damu, mganga bado huanza kwa mazungumzo.

Jambo moja litenganishwe hapa, maana huchanganywa mara kwa mara. Ripoti kubwa zilizotolewa na jarida la Lancet katika miaka ya 2017, 2020 na 2024 zimeutaja upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kupata dimenshia. Ripoti hizo zahusu hasa watu waliokuwa wakisikia, ambao masikio yao yalidhoofika katika umri wa utu uzima. Aliyezaliwa kiziwi, au aliyepata uziwi utotoni akakulia katika lugha ya alama, hakupokonywa lugha yake alipofika makamo. Si halali kuchukua hesabu za kundi la kwanza na kulibandika nazo kundi la pili.

LUGHA YA MIKONO NA UBONGO

Wako wanaodhani kwamba lugha ya alama ni maigizo tu ya mikono, na kwamba ni moja ulimwenguni kote. Yote mawili si kweli. Lugha ya Alama ya Tanzania, ya Kenya, ya Uingereza na ya Marekani ni lugha mbalimbali. Hata alfabeti ya vidole ya Uingereza hutumia mikono miwili, ilhali ile ya Marekani hutumia mmoja. Mwaka 1960 William Stokoe, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha viziwi cha Gallaudet mjini Washington, alionyesha kwamba kila alama imeundwa kwa sehemu ndogo zisizo na maana zikiwa peke yake, kama vile neno linavyoundwa kwa sauti. Sehemu hizo ni umbo la mkono, mahali mkono unapowekwa, na mwendo wake. Katika lugha ya Marekani kidole cha shahada huburutwa kwa kupinda mbele ya paji la uso kumaanisha majira ya joto. Kikiburutwa vivyo hivyo mbele ya pua, maana yake ni ubaya wa sura. Mbele ya kidevu, ukavu. Mahali tu ndipo palipobadilika, kama vile katika Kiswahili sauti moja hutenganisha "pata" na "bata".

Uso nao hufanya kazi ya sarufi. Kuinua au kukunja nyusi kwaweza kugeuza maelezo yakawa swali. Mganga asiyejua jambo hili humwona mzee akikunja uso na kuandika katika faili yake kwamba mgonjwa ana hasira.

Je, lugha hii iliyo mbele ya macho hukaa wapi katika ubongo? Tangu Paul Broca alipochunguza wagonjwa wake mjini Paris mwaka 1861 imejulikana kwamba kwa watu wengi usemi hutawaliwa na nusu ya kushoto ya ubongo. Nusu ya kulia hushughulika zaidi na nafasi na picha. Kwa kuwa alama huchorwa katika nafasi, ingetarajiwa kwamba zinakaa kulia. Howard Poizner, Edward Klima na Ursula Bellugi, katika taasisi ya Salk huko California, waliwachunguza viziwi wachache waliopatwa na kiharusi, wakachapisha matokeo yao mwaka 1987. Walioumia upande wa kushoto walipoteza uwezo wa kutumia alama: wengine walikosea maumbo ya mikono, wengine walichanganya sarufi. Walioumia upande wa kulia walishindwa kuchora picha sawasawa, lakini waliendelea kuzungumza kwa alama kwa ufasaha. Ubongo, inaonekana, hujali kama jambo ni lugha kuliko unavyojali kama limepita mdomoni au mikononi.

Basi dimenshia inapoingia, humwibia kiziwi lugha yake kama inavyomwibia anayesikia maneno yake. Alama ya kitu hutoroka, mgonjwa akaanza kuzunguka kwa maelezo marefu. Umbo la mkono hulegea. Mazungumzo hukatika katikati. Dalili hizo huonekana wazi, ila kwa mtu anayeijua lugha yenyewe. Kwa asiyeijua, alama iliyo sahihi na alama iliyoharibika ni sawasawa. Tena si kila alama iliyoharibika ni dalili ya dimenshia: baridi yabisi ya vidole na mtetemeko wa maradhi ya Parkinson huiharibu mikono huku akili ikiwa timamu, kama vile mtu aliyeng'olewa meno hutamka vibaya bila kuwa amesahau chochote.

MTIHANI WA MAKSI 30

Kipimo kilichoenea sana duniani kilitungwa Marekani na Marshal Folstein na wenzake, kikachapishwa mwaka 1975. Kina maksi 30. Mgonjwa huulizwa tarehe na mahali alipo; hutajiwa maneno matatu ayarudie na kuyakumbuka baadaye; hutakiwa kutoa saba katika mia moja tena na tena, au kutaja herufi za neno kwa kuanzia mwisho; hutaja majina ya saa na kalamu; hurudia fungu la maneno lenye sauti za kutatiza; hufuata agizo la kukunja karatasi na kuiweka chini; husoma agizo la kufumba macho na kulitii; huandika sentensi; na hunakili mchoro. Kwa anayesikia na aliyesoma ni kazi ya dakika chache.

Sasa mtihani huo utafsiriwe kwa alama. Fungu la maneno yanayotatiza ulimi halimtatizi mtu asiyetumia ulimi. Agizo la kukunja karatasi na kuiweka chini, likitolewa kwa alama, mikono ya mwulizaji karibu inalitenda tendo lenyewe mbele ya macho ya mgonjwa. Kwa hiyo hapimwi tena kama ameelewa, bali kama aweza kuiga. Vipimo vingine humtaka mgonjwa ataje viungo vya mwili, na katika lugha nyingi za alama pua hutajwa kwa kuigusa pua: swali limebeba jibu. Kwa upande mwingine, agizo la kusoma na lile la kuandika humpima kiziwi mzee katika lugha ya kigeni ambayo huenda hakufundishwa vyema. Na kuhusu kufumba macho, anayesikia akifumba macho bado yumo katika mazungumzo, lakini kiziwi akifumba ametoka nje na kufunga mlango. Hata kuchora kuna taabu yake, kwani mtu hawezi kutazama karatasi na kutazama mikono ya mwulizaji kwa wakati mmoja.

Makosa hayo hayaelekei upande mmoja. Maswali mengine huwa rahisi kupita kiasi, mengine magumu kupita kiasi, na jumla ya maksi hubaki ni tarakimu isiyo na maana inayojulikana.

Hata pale ambapo swali limetafsiriwa bila kosa, kiwango cha kawaida chaweza kutofautiana. Mwalimu aweza kulionyesha hili darasani. Na asome mfululizo wa tarakimu, moja kila sekunde, wanafunzi wazirudie kwa mpangilio ule ule. Kisha aongeze urefu wa mfululizo hadi washindwe. Wengi watafika karibu na saba. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani, akiwamo Daphne Bavelier, walichapisha matokeo ya zoezi la namna hii kwa watumiaji wa lugha ya alama ya Marekani, na hao walifika karibu na tano. Je, viziwi wana kumbukumbu hafifu? Hapana. Watu wanaosikia ambao waliijua vizuri lugha hiyo walifika saba kwa Kiingereza na tano kwa alama, ingawa ubongo ni ule ule. Sikio huhifadhi mpangilio wa vitu kwa muda mfupi kwa namna ambayo jicho halifanyi; katika kazi nyingine za kumbukumbu, ambazo mpangilio si sharti, tofauti hiyo haikuonekana. Mganga anayeihesabu tano kuwa dalili ya ugonjwa atakuwa amemwita mgonjwa mtu mzima kabisa.

Huenda msomaji akasema: na aletwe mkalimani. Mkalimani ni wa lazima, lakini hatoshi. Kazi aliyofunzwa ni kuchukua maana na kuitoa ikiwa imenyooka. Mzee anapotoa alama zilizovurugika, mkalimani hujitahidi kuzipanga, na mganga hupokea sentensi nzuri. Ugonjwa umefichwa kwa nia njema. Au alama ni ya mji fulani tu, kama zilivyo alama za tarakimu katika lugha ya Uingereza, ambazo hutofautiana mahali hata mahali, na mkalimani kijana akadhani mzee amekosea. Mara nyingi, tena, mkalimani ni binti au mwana wa mgonjwa. Kumtwika mtoto kazi ya kumpelekea mama yake maswali yatakayoamua kama ana akili timamu, kisha kumpelekea na jibu, ni jambo ambalo hospitali haingelikubali kwa mgonjwa anayesikia.

UCHUNGUZI WA UINGEREZA

Wazee viziwi wa Uingereza waliofikia uzee mwanzoni mwa karne hii walipitia shule za namna ya pekee. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na kwamba alama ziachwe. Kwa karibu miaka mia moja shule nyingi za Ulaya zilifuata uamuzi huo, na watoto waliadhibiwa kwa kutumia mikono. Mwaka 1979 R. Conrad alionyesha kwamba vijana viziwi waliokuwa wakimaliza shule nchini humo walikuwa na kiwango cha kati cha kusoma cha mtoto wa miaka tisa. Kumpa mzee wa kizazi hicho kijitabu kinachoeleza dimenshia, au mtihani ulioandikwa, ni kumpa karatasi.

Mwaka 2010 ulianza mradi wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Manchester, Chuo Kikuu cha London kiitwacho UCL na Chuo Kikuu cha City, kwa fedha za chama cha Uingereza kinachoshughulikia maradhi ya Alzheimer. Miongoni mwa watafiti walikuwamo viziwi wenyewe. Kundi la Manchester lilizungumza na viziwi, wazima na wenye dimenshia, likakuta kwamba wengi hawakuwa wamepata kuelezwa lolote kuhusu maradhi haya kwa lugha yao. Kundi la UCL, likiongozwa na mwanasaikolojia kiziwi Joanna Atkinson pamoja na Bencie Woll, lilichukua njia ngumu zaidi. Halikutafsiri mtihani uliokuwapo, bali lilitunga mpya ndani ya lugha ya alama ya Uingereza. Maswali yote yalirekodiwa katika video, ili kila mzee aulizwe kwa mikono ile ile na kwa mwendo ule ule. Kisha lilitafuta jambo ambalo halikuwapo kabisa: kiwango cha kawaida. Viziwi wazee 226 wasiokuwa na maradhi walifanyiwa kipimo, na matokeo yao yakalinganishwa na ya wagonjwa viziwi 14 wenye dimenshia. Kipimo kiliweza kuyatenganisha makundi hayo mawili. Kilichapishwa mwaka 2015.

Yafaa kutua kidogo katika tarakimu 226. Bila kundi hilo, mganga angewalinganisha wagonjwa wake na watu wanaosikia. Kazi kubwa ya mradi ilikuwa kuwaendea wazee wazima, mmoja mmoja, na kuwauliza. Ni kazi isiyo na mashine ya ajabu wala kemikali mpya, na labda ndiyo sababu ilichelewa hivyo.

MATUNZO

Kujua ugonjwa mapema kuna faida, kwa kuwa hali nyingine hufanana na dimenshia na hutibika: upungufu wa vitamini B12, kasoro ya tezi ya shingo, huzuni kubwa, homa za maambukizo. Dimenshia yenyewe kwa kawaida haina tiba ya kuiondoa. Kinachobaki ni matunzo, na matunzo kwa sehemu kubwa ni mazungumzo. Kiziwi akiwekwa katika nyumba ya wazee ambamo hakuna ajuaye alama, huwa amefungiwa peke yake katikati ya watu. Akigonga meza au kukanyaga sakafu kwa nguvu, watumishi huandika kwamba ana fujo, kumbe ndivyo viziwi waitanavyo. Akifungwa sindano ya maji katika mkono anaoutumia zaidi, amezibwa mdomo. Taa ikizimwa, kila sauti imezimwa.

Anayemtunza hana budi kumjia kwa mbele, maana upeo wa macho wa mgonjwa hupungua. Amguse bega taratibu, angoje atazamwe, ndipo aanze, alama moja baada ya nyingine, huku mwanga ukimwangukia usoni na si mgongoni. Picha za zamani husaidia, hasa za wenzake wa shule ya bweni, kwa sababu viziwi wengi hawakuipata lugha nyumbani bali shuleni, na rafiki wa bwenini huweza kuwa karibu kama ndugu. Mjini Ede, Uholanzi, pana makao ya wazee viziwi yaitwayo De Gelderhorst, ambamo watumishi huzungumza kwa alama, na wenye dimenshia hutunzwa humo pamoja na wenzao.

WANAFUNZI WA KWANZA WA TABORA

Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwachunguza wazee wa miaka 70 na zaidi, na mwaka 2013 walichapisha kwamba asilimia 6.4 kati yao walikuwa na dimenshia. Kazi hiyo ilizaa jambo linalolingana na lile la London. Kwa kuwa wazee wengi hawakupata kwenda shule, mtihani wa kusoma na kuchora kwa kalamu ungewaonea. Kikatungwa kipimo kisichohitaji kuandika, ambamo mzee hupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano, badala ya kunakili mchoro. Hiyo ni njia ya kuiondoa kalamu. Sikio bado halijaondolewa, kwa kuwa maswali huulizwa kwa sauti.

Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania Bara ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974. Shule nyingi za kwanza za viziwi katika Afrika Mashariki nazo zilianza kwa njia ya kusema na kusoma midomo. Mtoto aliyeingia Tabora mwaka 1963 akiwa na miaka saba alitimiza miaka 65 mwaka 2021. Kizazi cha kwanza cha viziwi waliosoma, waliokutana bwenini na kuikuza lugha yao huko, ndicho sasa kinachoingia katika umri wa hatari. Kipimo cha Uingereza hakiwezi kuletwa kikatumika kama kilivyo, kwa kuwa lugha si ile, na kiwango cha kawaida cha wazee wa hapa ni lazima kitafutwe hapa. Wako pia wazee viziwi wa vijijini ambao hawakufika shule yoyote, ambao ishara zao zaeleweka na jamaa wa nyumbani tu. Kwa hao, shahidi wa mabadiliko ya akili ni mke, mume au mwana aliyeishi nao, na mganga hana budi kumwuliza huyo: ni kazi gani mzee aliiweza mwaka jana ambayo mwaka huu haiwezi?

MASWALI

1. Kipimajoto kilichoanikwa juani na mtihani wa Folstein uliotafsiriwa kwa alama vyafanana kwa lipi, na vyatofautiana kwa lipi?

2. Kwa nini watafiti wa UCL waliwapima viziwi 226 wasio wagonjwa kabla ya kuyaamini matokeo ya wagonjwa 14?

3. Mzee kiziwi aliyepatwa na kiharusi ameacha kutumia sarufi sahihi ya alama, lakini bado huchora ramani ya kijiji chake bila kosa. Ni nusu ipi ya ubongo wake inayodhaniwa kuumia? Toa sababu.

4. Tungeni swali moja la kupima kumbukumbu ambalo halihitaji kusikia, kusoma wala kuandika, na ambalo alama za kuliuliza hazitoi jibu lake. Lijaribuni kwa wenzenu kumi, kisha mweleze kwa nini kumi hawatoshi.